Nilitia Chaki Pipa Ambalo Sikuliosha

Dodoma, 9 Oktoba 1995

Mpendwa Bi. Generosa,

Naomba msaada wako, na kabla ya yote naomba usiitupe barua hii kwa sababu ya mwandiko, maana mkono wangu siku hizi hautulii, hata kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili, na mke wangu anadhani ni malaria akaninunulia klorokwini nikaimeza yote nikijua kabisa kwamba sina malaria. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, nina mke na watoto wanne, wa mwisho ana miezi mitatu, na nilikuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma hapa Dodoma kwa miaka kumi na sita mpaka mwaka juzi tulipopunguzwa kazini, tukaitwa ofisini mmoja mmoja kama watoto wanaokwenda kuchomwa sindano, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa kukaa barazani na kuitikia salamu za wapita njia, hadi shemeji yangu Cornel, mdogo wake mke wangu Ruthu, aliponionea huruma akanipeleka kwenye karakana yao.

Karakana yenyewe ni banda la mabati la watu tisa, kila mtu ana wateja wake lakini mashine ya kuchomelea ni moja tu na inatumika kwa zamu, na mwenyekiti wetu ni Mzee Silvano, fundi mstaafu wa reli, mtu wa haki sana na mwenye maneno machache. Mimi kuchomelea sijui, kwa hiyo wakasema huyu alikuwa mtu wa stoo, apokee mali za wateja na atunze maji. Kazi ni nyingi, mageti, madirisha, na mwaka huu wa uchaguzi kila chama kinataka mlingoti wa bendera mrefu kuliko wa mwenzake, lakini mkate wetu hasa ni mapipa, kwa sababu watu wa huku wananunua mapipa matupu yaliyobeba petroli au dizeli, wanatuletea tuwatobolee na kuchomelea kipande cha bomba cha kufungia koki, ili wayaweke uani kuhifadhia maji, kwani nyinyi mliopo Dar mnaweza msijue lakini bomba letu la Dodoma linaweza kukaa wiki nzima likikohoa tu.

Sasa kuna utaratibu ambao Mzee Silvano aliuweka, nao ni huu: pipa likifika, mpokeaji anaondoa vizibo vyote viwili, analiosha mara tatu kwa maji ya moto na sabuni ya unga, analianika juani kutwa, ndipo anachora msalaba wa chaki ubavuni, na likishakuwa na chaki si mali ya mpokeaji tena, haruhusiwi hata kulisogeza, ni la fundi mwenye zamu peke yake, kwa sababu siku za nyuma mtu aliwahi kuhifadhi tina ya kuchanganyia rangi kwenye pipa lililokwisha oshwa ikawa karibu balaa. Kwa hiyo fundi akiona chaki haulizi tena, anafanya kazi. Naomba uliweke hili moyoni, Bi. Generosa, kwamba hawaulizi.

Mimi nilianza kukosea kwenye jambo dogo ambalo hata halikufanana na kosa. Kulikuwa na banda jingine lililofunguliwa jirani, na mteja akileta pipa kwetu akaona mengine yamejipanga bila chaki anajua atasubiri, anaanza kuangalia kule kwa jirani, basi nikawa nachora msalaba palepale mteja akiwa amesimama, anafurahi, anaondoka, halafu ndiyo naosha. Wiki mbili tatu nikawa naosha kweli, namwita Mungu shahidi.

Kisha Julai Ruthu akajifungua, na nyumbani maji hakuna, na nilirudi jioni moja nikamkuta mke wangu mwenye siku tisa za uzazi ameinama kisimani kwenye foleni na ndoo, na mimi kule karakana mwenye mkokoteni wa punda ananikabidhi madumu kumi kila asubuhi, ninayatunza mimi, sina wa kunihesabia. Nikafunga madumu mawili kwenye baiskeli. Ruthu akauliza, Baba Lameck, umeyapata wapi, nikamwambia nimepata mtu wa idara ya maji, akanishukuru mpaka nikaona aibu, akasema, wenzangu wanahangaika na mimi nakaa kama mke wa mbunge. Madumu mawili yakawa manne, na mapipa yakaanza kuoshwa mara mbili, halafu mara moja, halafu nikawa nasuuza la leo kwa maji ya jana yaliyokuwa yananuka mafuta.

Tarehe 26 Septemba, Jumanne, alikuja mtu wa Msalato na mapipa matatu yaliyokuwa yananuka petroli hata ukiwa mbali, nikayachora msalaba yote matatu mbele yake, akaenda zake ameridhika, nikasema nitayaosha mchana, lakini nguo za mtoto zilikuwa zimelowekwa tangu jana yake, nikapakia maji nikawahi nyumbani, Ruthu akanipa chai, nikakaa. Nikakaa nikanywa chai, Bi. Generosa. Niliporudi nilikuwa nimebakiza kama hatua mia mbili kufika, nikausikia ule mlio, nikajua, sikujiuliza ni nini, nilijua pale pale juu ya baiskeli.

Cornel alikuwa amewahi zamu. Aliona chaki, akatoboa tundu kwa tindo na nyundo, akabana waya wa mashine kwenye pipa, akashusha miwani, na cheche ya kwanza tu kitako cha pipa kiliruka kikaenda kutoboa bati la ukuta, na moto ukamrukia yeye. Amelazwa Mvumi. Mkono wa kushoto umeungua mpaka kwenye kiwiko, uso umeungua, macho yote mawili yamefungwa bendeji, daktari anasema jicho la kulia ana matumaini nalo, la kushoto tusubiri. Ana miaka ishirini na saba na hajaoa.

Siku ya tatu nilikwenda na Mzee Silvano kumwangalia, na Mzee alipompa pole, Cornel akasema, "Mzee, shikamoo, kosa ni langu. Sikunusa. Shemeji ametia chaki sawa, lakini fundi lazima anuse mwenyewe, wewe ndiye uliyenifundisha." Halafu akageuza uso kule alikosikia pumzi zangu akasema, "Shemeji, usije kila siku, ile baiskeli na hili jua vitakuua bure." Mimi nikatoka nje nikashika mti.

Jumapili tarehe mosi baada ya ibada tukafanya kikao. Mzee Silvano akaniuliza mbele ya watu wote, uliosha, nikasema niliosha, akaandika. Basi wakaamua kwamba Cornel ni mzembe, akipona hatashika mashine tena, atabaki kupiga rangi mageti, na zamu yake apewe dada Yudith, ambaye ni mjane, alijifunza ufundi kwa wamisionari na ni mchomeleaji mzuri kuliko wanaume wengi pale. Hakuna aliyempinga mwenyekiti. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono.

Sasa Bi. Generosa ninachokuomba unishauri ni hiki, je nimwambie Ruthu? Ananyonyesha, na mama yake anasema mwanamke akipata mshituko maziwa yanakauka, na nikifikiria aje ajue kwamba maji aliyomwogeshea mtoto ndiyo yaliyompofusha mdogo wake, nashindwa. Na nikiwaambia wenzangu nitafukuzwa, na mtu wa miaka arobaini na moja aliyepunguzwa kazi atakwenda wapi. Au ninyamaze, nimlee Cornel mimi mwenyewe maisha yangu yote, nimlipe kwa vitendo, je Mungu hawezi kupokea hivyo? Yale mapipa mengine mawili ya mtu wa Msalato bado yapo pale ukutani na chaki yangu, kwa utaratibu wetu, ambao tangu ajali unafuatwa kwa ukali, siwezi kuyagusa na nikifuta msalaba wataniuliza kwa nini, lakini hayo si ya haraka kwa kuwa mashine imefungwa mpaka Jumatatu ya tarehe 23, na mimi kila asubuhi nawahi kufika nakaa karibu nayo. Linaloniua ni Ruthu.

Tafadhali nijibu gazetini, usinitaje, na ujibu kwa mafumbo, kwa sababu Ruthu ni msomaji wa ukurasa wako na kila Jumapili humsomea Cornel wodini. Badala ya pipa ungeweza kusema mzigo.

Wako katika wasiwasi,
Mwenye Chaki, Dodoma

*

BI. GENEROSA ANAJIBU

Ndugu Mwenye Chaki,

Ni pipa. Sitasema mzigo. Majina nimeyabadili yote, yako, ya mkeo, ya hospitalini na ya karakana, hiyo ni haki yako na ya kila anayeniandikia. Lakini pipa nimeliacha pipa, na Msalato nimeiacha Msalato, na utajua kwa nini.

Barua yako imenifikia Jumanne tarehe 17. Niliisoma mara nne, nikapiga mstari pale mkeo alipokuwa kisimani, nikapiga mstari pale uliponyoosha mkono kikaoni, nikaanza kukuandikia jibu refu kuhusu dhamiri na ndoa. Lilikuwa jibu zuri. Ila kwa vile mambo ya ufundi siyajui, nikachukua barua nikaenda kwa fundi Batholomeo, anayechomelea mageti nyuma ya kanisa letu hapa mtaani, nikamsomea. Alikuwa anakula andazi. Nilipomaliza hakuniuliza habari za Ruthu wala za Cornel. Aliliweka lile andazi juu ya karatasi akasema, "Mama, hayo mawili yako wapi saa hizi?"

Nikamjibu, yapi?

"Yaliyobaki, mama. Yenye chaki."

Ikabidi nifungue tena kurasa niyatafute. Ulikuwa umeyaficha kwenye sentensi moja karibu na mwisho, baada ya Mungu na kabla ya mafumbo, na mimi mwenye kazi ya kusoma barua za watu kwa miaka kumi na miwili niliyapita mara nne. Nimeona aibu na ninaisema hapa ili uone kwamba sikusemi nikiwa nimekaa mahali pa juu.

Siku hiyo hiyo nilikwenda posta nikakupelekea simu ya maandishi kwa anuani uliyoiweka nyuma ya bahasha. Maneno yalikuwa haya: MAPIPA MAWILI YA MSALATO HAYAJAOSHWA MASHINE ISIWASHWE MWAMBIE MWENYEKITI LEO. Nilijua mkeo anaweza kuifungua yeye. Niliituma hivyo hivyo. Leo ninapoandika ni Alhamisi na sijapata neno kutoka kwako, sijui kama uliipata ukatii, au uliipata ukaikunja mfukoni, au bado imelala kwenye sanduku la posta. Ndiyo maana barua yako inatoka Jumamosi hii, imewaruka watu wanaosubiri tangu Agosti, na ninawaomba radhi.

Kwa hiyo kabla sijasema na wewe nasema na wengine. Wewe unayesoma hapo Dodoma, kama karakana yenu ni ya watu tisa, ikapata ajali ya pipa mwishoni mwa Septemba, na yapo mapipa mawili ukutani yenye msalaba wa chaki: hayajaoshwa. Yana mvuke wa petroli. Yatolewe nje mahali pa wazi, mbali na moto na sigara, vizibo vifunguliwe, na asiyaguse mtu na cheche yoyote, hata tindo. Usimsubiri mwenye barua aje aseme. Huenda hatasema.

Sasa wewe.

Unaniambia ya mapipa si ya haraka, linalokuua ni Ruthu. Ndugu yangu, Ruthu hakuui. Amekupa chai. Umeogopa uso wa mkeo kuliko moto, na kila asubuhi unakwenda kukaa karibu na yale mapipa kama mlinzi, unalinda nini? Utakaa hapo Jumatatu umwangalie dada Yudith akishusha miwani? Ama ulikuwa unangoja siku hiyo uumwe tumbo ubaki nyumbani? Nimejiuliza hilo na sikupenda majibu niliyojipa.

Nikuhurumie pia, maana huruma ninayo. Ulimkuta mzazi wa siku tisa kisimani na ndoo, na ulikuwa na maji mikononi. Mwanamume gani angepita? Kinachonitia uchungu ni kwamba hukuwa na haja ya kuyaiba. Mlikuwa watu tisa. Ungesimama asubuhi moja ukasema, jamani mke wangu amejifungua na hatuna maji, naomba madumu mawili mpaka atoke arobaini, nani pale angekunyima? Cornel, mjomba wa mtoto? Mzee Silvano? Wangekupa manne. Lakini wewe ulikwisha kuwa mtu wa stoo aliyepunguzwa, umeona kuomba ni kuonekana mnyonge mara ya pili, ukachagua kuonekana mtu mwenye jamaa yake idara ya maji. Kiburi hicho kidogo tu.

Nisikilize utakavyofanya, na usinibadilishie mpangilio.

Ukilipata gazeti hili, na huko kwenu linafika na basi Jumamosi alasiri, usilimalize kulisoma. Nenda kwa Mzee Silvano nyumbani kwake. Mpe shikamoo, kaa chini, maneno yako mawili ya kwanza yawe haya: mzee, sikuosha. Usianze na Julai, usianze na mtoto, usianze na shirika lililokupunguza. Hayo yatafuata akikuuliza. Mwende nyote wawili mpaka karakana, na pale mbele yake ufute ile misalaba kwa mkono wako. Kisha mpitieni Yudith kwake, aambiwe kwa mdomo wako, si kwa kutumiwa salamu.

Jumapili asubuhi uende Mvumi. Nenda kabla Ruthu hajaenda na gazeti, kwa maana yeye atalisoma kwa sauti kwenye kile kitanda, na akifika kwenye mtu wa idara ya maji atakuwa amekujua, majina nibadilishe nisibadilishe. Cornel amelala gizani akijihukumu kwamba hakunusa. Batholomeo anasema kunusa hakumwokoi mtu, pua ikishazoea karakana haisikii tena, na mvuke kidogo sana unatosha kuua. Kijana amevuliwa ufundi wake kwa kosa lisilo lake, na wewe ulinyoosha mkono. Mwambie. Na nakuonya, usije ukalia pale ukamfanya mgonjwa akubembeleze. Sema, nyamaza, msikilize. Akikufukuza, toka. Akikuuliza kwa nini, jibu ukweli wote na chai yako pia.

Ruthu mwambie siku hiyo hiyo, mkiwa nyumbani, mtoto akiwa ameshanyonya na kulala. Habari ya maziwa kukauka kamuulize muuguzi wa kliniki yenu, atakueleza namna ya kumtunza mama aliyepata uchungu, ambayo ni kumlisha, kumpumzisha na kumwachia mtoto anyonye. Mama mkwe wako namheshimu, lakini umemtumia kama mlango wa kujificha. Na usimwambie Ruthu kwamba ulifanya kwa ajili yake. Ni kweli ulibeba maji kwa ajili yake, ila chaki ulichora kwa ajili yako. Hayo mawili usiyachanganye, la sivyo utamtwika mwanamke mwenye mtoto mchanga jicho la mdogo wake.

Kikao kiitishwe upya. Ufute kwa mdomo ulichokisema kwa mdomo, na uombe Cornel arudishiwe zamu yake siku atakapoweza kuishika. Watakufukuza? Inawezekana. Ufukuzwe. Wewe umekaa barazani kabla na hukufa, na unajua kuandika, kupokea, kupanga mali, utapata pa kushika. Wasipokufukuza, usikubali tena kazi ya kupokea mapipa peke yako. Wawe watu wawili, anayeosha na anayekagua, na chaki ishikwe na yule wa pili.

Na wewe Mzee Silvano, kama utasoma haya, nakusalimu kwa heshima na naomba uniruhusu mimi nisiye fundi nikupe neno la fundi. Batholomeo aliniuliza, baada ya kuosha, pipa walilijaza? Nikamwambia barua haisemi. Akatikisa kichwa. Kuosha peke yake hakutoshi hata mara kumi, maana mafuta hujificha kwenye mikunjo ya bati, na moto ukifika pale mvuke unarudi. Pipa linalazwa ubavu, tundu la koki likitazama juu, linajazwa maji mpaka karibu na tundu lenyewe, kizibo cha juu kikiwa wazi, ndipo fundi anachomelea, naye asimame pakavu na viatu vikavu kwa sababu ya umeme. Nikamwambia huko maji ni shida, pipa zima la maji kwa kazi ya dakika tano? Akacheka kwa uchungu. "Mama, maji hayo hayaishi. Ukimaliza unayahamishia pipa linalofuata. Pipa moja la maji litawatosha mwezi." Nadhani mlianza kuliacha hilo kiangazi kimoja kwa kubana maji, na likasahaulika kwamba liliachwa. Na pipa la petroli anasema angelirudisha kwa mwenyewe kabisa, atafute jingine. Fikirini.

Mwenye Chaki, umeniuliza kama Mungu hawezi kupokea malipo ya vitendo ukiwa umenyamaza. Mimi si padri. Ila najua kumsukumia Cornel baiskeli miaka thelathini huku akiamini alijilipua mwenyewe si malipo, ni kuendelea kumchukulia kitu kila siku.

Ya Cornel yamekwisha kutokea, na utayabeba. Ya Jumatatu hayajatokea. Saa mbili asubuhi Yudith atafika, atafunga kitambaa chake, atatazama ule msalaba na hatauliza, kwa sababu hakuna aliyempa sababu ya kuuliza. Mpe.